Tiketi ya Tatu

Jumamosi, 4 Machi

Nimesahihisha insha za watoto wa watu kwa miaka thelathini na nne, na tangu nistaafu mkono unaniwasha. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nitaandika msimu huu wa mvua mpaka uishe, au mpaka niishe mimi.

Leo wajukuu wamekuja. Mwanangu ni fundi magari, mkewe ni mfamasia, na Jumamosi wote wawili wako kazini, kwa hiyo siku hiyo watoto ni wangu tangu asubuhi hadi jioni. Mkubwa ni msichana wa miaka kumi na miwili na tunamwita Wakili, maana hata ukimwambia kumekucha atataka ushahidi. Mdogo ana miaka mitano. Huyo ni Kijiko, kwa sababu alipoanza kutembea hakukubali kuinua mguu bila kijiko mkononi. Siku nyingine zote za juma anayebisha hodi kwangu huwa amekuja kuniuliza kama nimemeza vidonge.

Tulikwenda sinema, kama kila Jumamosi tangu mwaka jana. Jumba lenyewe liko ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, juu ya wauza viatu, na linanuka siagi ya uongo. Picha ilikuwa ya farasi anayesema. Kwa saa moja na nusu farasi huyo alisema, na hakusema neno hata moja ambalo punda asingelisema vizuri zaidi.

Baadaye tukakaa kwenye benchi la kituo cha basi, tukasahihisha. Huo ndio utaratibu wetu. Kila mmoja hutoa alama kwa mia, kisha anaitetea. Kijiko alitoa mia, kama kawaida yake, kwa kuwa farasi alikuwa na meno. Wakili alitoa sitini. Mimi nilitoa kumi na nane, na nilipoeleza kwa nini, watoto walicheka mpaka basi likataka kutuacha.

Jumanne, 7 Machi

Mvua. Jirani amenunua redio kubwa kuliko akili yake.

Jumamosi, 11 Machi

Bei imepanda. Kijana anayeuza tiketi, niliyempa jina la Mfumo kwa kuwa hana jibu lingine, aliniambia hivyo bila kuinua macho.

"Wiki iliyopita haikuwa hivi," nikamwambia.

"Mfumo umebadilika, mama."

"Nani kaubadilisha?"

"Umebadilika wenyewe."

Halafu kuna ada ya huduma. Nikauliza ni huduma gani, maana ghorofa zote tatu nimepanda kwa magoti yangu, zile ngazi za umeme zimekufa tangu Januari. Akasema ada iko kwenye mfumo. Halafu kuna miwani ya kuvaa ili picha ikurukie usoni. Nayo inalipiwa, na ukitoka unaambiwa uirudishe. Mwizi wa mfukoni angalau haombi ushirikiano.

Picha ilikuwa ya wageni kutoka sayari nyingine wanaokuja kubomoa majengo. Niliipa tisa. Wakili alisema tisa ni uonevu, akaitetea mpaka jasho likamtoka, nikaongeza mbili kwa ajili ya utetezi, si kwa ajili ya picha.

Jioni mwanangu alipokuja kuwachukua aliingiza mkono mfukoni. "Mama, chukua hii ya sinema."

Nikamwambia aurudishe mkono wake ulikotoka. Mimi si yaya wa kulipwa.

Jumamosi, 18 Machi

Picha ya mbwa wa polisi. Kumi na nne, zote za mbwa.

Jumatano, 22 Machi

Pensheni imeingia asubuhi. Mchana ilikuwa imeota mbawa.

Jumamosi, 25 Machi

Boksi dogo la bisi sasa linauzwa kwa bei ya kilo mbili za sukari. Mahindi hayo, kitu ambacho kuku hula bure. Kwa hiyo leo nilikaanga karanga nyumbani, nikazifunga kwenye karatasi, nikazitia kwenye mkoba chini ya kitambaa. Mlangoni kuna mlinzi mwenye tochi, mtu mzima mwenye mvi, kazi yake ni kumulika mikoba ya wanawake.

"Chakula cha nje hakiruhusiwi, mama."

"Hiki si cha nje. Kimetoka jikoni kwangu."

Hakucheka. Akachukua karanga, akaziweka kwenye ndoo ya vitu vilivyozuiwa. Tulipotoka nilimwona anatafuna. Nilimsalimu kwa heshima zote, nikamuuliza kama chumvi imekolea.

Jioni amekuja mkamwana wangu, mama yao. Ni mtu wa kusema polepole, kana kwamba kila neno analipima kwenye mizani ya dawa. Amesema kazini kwao wanaisifu klabu moja ya Jumamosi.

"Watoto wanafundishwa kuogelea, mama. Na uongozi."

"Amwongoze nani? Kijiko hajui hata kiatu kipi cha kulia."

"Nasema tu. Kama unaona wanakuchosha, tusikubebeshe mzigo."

Namwelewa vizuri. Anangoja niteleze. Mtu hasemi "mzigo" bila kuwa tayari ameshaupimia kamba.

Jumamosi, 1 Aprili

Wakili ana mafua, hatukwenda. Kwa mdomo nilisikitika, moyoni nilishukuru Mungu kwa ajili ya mafua ya mtoto. Nilipojiona nimeshukuru nikaona aibu, nikampikia uji.

Jumamosi, 8 Aprili

Imepanda tena. Safari hii wametia viti vipya, vyenye shimo la kuwekea kikombe. Nimelipia shimo.

Nilisimama mbele ya Mfumo na noti mkononi, na nilijua kabla hajasema kwamba zinatosha tiketi mbili na nauli ya kurudi. Watoto walikuwa nyuma yangu wanabishana juu ya mabango. Foleni ilikuwa ndefu. Ningeweza kugeuka nikasema, wanangu, leo haiwezekani. Watu husema hivyo kila siku, na hawafi.

Nikanunua mbili. Nikawaambia, "Nyinyi kaeni mbele. Mimi macho yangu hayataki kukaa karibu, nitakuwa nyuma. Tutakutana hapa mlangoni." Nikawasindikiza mpaka mlinzi akachana tiketi zao, kisha nikaenda kukaa kwenye benchi la karibu na vyoo. Nimekaa hapo saa moja na dakika hamsini. Siku hizi watu wazima hawanawi mikono. Nimehesabu.

Picha ilikuwa ya kiatu kinachomtafuta mwenzake. Bango lilikuwa mbele yangu muda wote, na bango la picha za siku hizi ndilo insha nzima. Utangulizi, kiatu kimepotea. Kiini, matope. Hitimisho, kiatu kimepatikana, wote wanaimba. Kituoni nilitoa alama ishirini, nikaurarua ule wimbo wa mwisho ambao sikuusikia. Wakili alicheka mpaka akashika mbavu. Kijiko alitoa mia.

Nimelala vizuri mno kwa mtu aliyewadanganya watoto.

Jumamosi, 15 Aprili

Tiketi mbili tena. Nilisikiliza wanaotoka maonyesho ya kabla yetu, maana wajinga wengi husimulia kwa sauti. Nilitoa alama ishirini na mbili na hakuna aliyenishtukia. Nimegundua kwamba picha hizi mtu hana haja ya kuziona ili kuzidharau, jambo ambalo nalo ni la kuzidharaulia.

Wakili aliuliza, "Bibi, mbona hatukuoni huko nyuma?"

"Kwa sababu mnatazama mbele. Ndivyo mlivyolipiwa."

Jumamosi, 22 Aprili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na jengo zima linavuja. Mlinzi wa karanga amenifukuza kwenye benchi. Amesema sehemu ile ni ya wenye tiketi. Mtu amekula karanga zangu na hanifichi hata uso. Nikashuka chini kwa wauza viatu, nikajitia nachagua, nikajaribu jozi tisa. Muuzaji alianza kwa kuniita mama na akamaliza kwa kutoniita chochote.

Saa ya kutoka nikapanda juu. Picha ilichelewa kwisha kwa nusu saa nzima, nikajua tu waliotengeneza hawajui kukata maneno. Watoto walitoka kwa mlango wa upande wa pili, wamenyamaza. Macho ya Kijiko yalikuwa mekundu, nikafikiri ni ile miwani.

Kituoni nilijitahidi kuwachangamsha. Picha ya leo ilihusu mfalme mdogo na ndege wake mwenye jicho moja. Nilimchambua mfalme, nikamchambua ndege, nikauliza jicho la pili lilikwenda wapi na kwa nini hakuna mtu katika ufalme ule aliyejishughulisha kulitafuta. Nilitoa ishirini na tatu. Niseme ukweli, sijawahi kusema vizuri kuliko leo.

Hawakucheka. Kijiko alifungua mdomo, dada yake akamfinya mkono. Nikamwambia Wakili atoe alama.

"Sina alama," akasema.

"Kila mtu ana alama."

"Leo sina, bibi."

Sijui wana nini. Labda ni mafua yanarudi.

Jumapili, 23 Aprili

Sasa najua.

Walikuja saa nne, mwanangu na mkewe, bila watoto. Mwanangu hakukaa. Ana tabia hiyo tangu utotoni, akiwa na neno zito husimama karibu na mlango.

"Mama, jana watoto waliona picha gani?"

"Ya mfalme na ndege. Upuuzi mtupu."

"Waliona picha ya wazima moto."

Nikasema nani kamwambia upuuzi huo. Mkamwana akanieleza polepole, kwa sauti yake ile ya mizani. Dakika kumi na tano baada ya picha ya mfalme kuanza, mashine iliharibika na umeme wa ukumbi ukakatika. Walikaa gizani karibu dakika ishirini. Kisha watu wote wakahamishiwa ukumbi mwingine, upande wa pili wa jengo, wakaonyeshwa picha nyingine.

"Kijiko alilia," akasema. "Wakili akamshika mkono, wakaja nyuma kukutafuta. Gizani, mama. Alikwenda safu kwa safu akiuliza watu kama wamemwona bibi yake."

Nikatazama viatu vya mwanangu.

"Ulikuwa wapi?" mwanangu akauliza.

Jibu lilikuwa na maneno machache tu. Mtoto wa darasa la kwanza angeyaandika bila kosa. Lakini mkamwana wangu alikuwa ananitazama, na mkoba wake ulikuwa mapajani, na niliona kabisa jinsi ambavyo angeufungua.

"Nilitoka nje," nikasema. "Picha zenyewe takataka. Mtu mwenye akili hawezi kukaa humo."

"Ukawaacha?"

"Wakili ana miaka kumi na miwili. Mimi kwa umri huo nililea wadogo zangu wanne."

"Mama." Mwanangu aliweka mkono kwenye kitasa. "Wiki tatu umewadanganya kwamba uko nyuma yao?"

"Sasa unanihoji kama mwizi?"

Mkewe aliinuka, akarekebisha kitambaa cha kiti alichokuwa amekalia, na akasema kwamba watafikiria mpango mwingine wa Jumamosi. Aliniaga kwa adabu. Ningependa angenitukana.

Jumamosi, 29 Aprili

Wamewapeleka klabu.

Jumatano, 3 Mei

Nimejaribu kumdharau kila mtu kwa zamu. Mfumo, mlinzi, waliotengeneza ile mashine, waliobuni ada ya huduma, mwanangu anayesimama mlangoni, mkamwana na mizani yake. Kila mmoja anastahili. Lakini nikimaliza orodha naona bado kuna mtoto anakwenda safu kwa safu gizani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemweka pale.

Jumamosi, 6 Mei

Mvua. Nimepiga pasi mapazia.

Alhamisi, 11 Mei

Mwanangu ameleta mkate na sukari. Nikamuuliza watoto hawajambo. Hawajambo. Nikamuuliza kama Wakili amenitaja. Akasema ana mitihani. Hilo si jibu la swali, na katika miaka yangu ya kazi ningeliwekea sifuri, lakini nimelielewa.

Jumamosi, 13 Mei

Nyumba imekuwa kubwa mno leo. Nilikwenda mpaka kituo cha basi, nikakaa kwenye lile benchi, nikarudi. Nawakumbuka. Sina njia ya kulisema hilo kwa dharau, na nimejaribu.

Jumatatu, 15 Mei

Leo nimekwenda dukani kwa mkamwana.

Miaka thelathini na nne nimewaandikisha watoto kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, wakanitungia sentensi, nikawawekea vema. Sijui nilidhani ni ya kuwatungia sentensi tu. Asubuhi nimevaa viatu, nimepiga moyo konde, nimetoka kabla sijabadili nia.

Duka la dawa lilikuwa na foleni ya watu sita, na sikuomba kupita. Mbele yangu kulikuwa na mzee anayekohoa bila kufunika mdomo, nyuma yangu mama mwenye mtoto mgongoni. Mkamwana alikuwa nyuma ya kioo, koti jeupe, anasoma maandishi ya madaktari ambao hawakufundishwa na mimi. Aliponiona hakushtuka. Alimhudumia mzee, mzee akasogea pembeni kuhesabu vidonge vyake, nikafika mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha nikasema nililokuja kusema.

"Sijasikia, mama. Kioo."

Nikarudia.

"Dawa ya nini?"

Kioo kile kina matundu madogo kama ya chujio, na lazima uinamishe kichwa ili sauti ipite. Sikuinama. Nikasema kwa sauti ya darasani, ile ambayo ilikuwa ikifika mpaka dawati la mwisho.

"Sikuwa na pesa ya tiketi ya tatu. Zilitosha mbili. Ndiyo maana nilikaa nje."

Mzee akaacha kukohoa. Mama wa mtoto akatazama dari. Duka zima sasa linajua mali yangu yote.

Mkamwana alimwita mwenzake ashike nafasi yake, akatoka kwa mlango wa pembeni, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Yeye akachuchumaa, na koti lake jeupe likagusa sakafu yenye tope la viatu vya watu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenipa."

"Ndiyo, ningekupa."

"Basi ndiyo sababu."

Mimi nilidhani sasa nitaambiwa juu ya klabu, na uongozi, na faida za kuogelea.

"Watoto wanadhani umewachoka," akasema. "Mimi nilitaka waje Jumamosi iliyopita. Wakili ndiye aliyekataa. Aliniambia, 'Tusimlazimishe bibi.'"

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu daftari ni langu. Nililia mbele ya mzee mwenye kikohozi na katika duka lenye taa nyeupe zinazoonyesha kila kitu, na mkamwana wangu hakunipapasa wala kunibembeleza. Alinipa karatasi ya kufutia uso, akangoja. Miaka kumi na minne nimemwita mtu wa mizani, na leo upimaji wake ndio ulionisaidia, maana angeongeza neno moja ningeinuka nikaondoka.

"Waambie wewe," nikamwambia. "Mimi nikianza kueleza nitaishia kuitukana picha."

"Niwaambie nini?"

"Hivyo hivyo nilivyosema."

"Kwa sauti ile?"

Nikamtazama. Alikuwa anatania. Sikujua kama anaweza.

Ijumaa, 19 Mei

Mwanangu amepiga simu. Kesho wanakuja, kama watoto wenyewe watataka. Hiyo "kama" imenikalia kooni tangu mchana.

Jumamosi, 20 Mei

Niliamka mapema nikafagia mara mbili. Manyunyu tu leo, mvua inaelekea kuchoka. Saa tatu nikasikia gari la mwanangu, kisha milango miwili ikifungwa, kisha gari likaondoka. Nikafungua kabla hawajabisha, nikabaki nimeshika mlango.

Wakili alikuwa mbele, mikono ameifumbata kifuani, manyunyu yanamwangukia. Kijiko alikuwa nyuma yake. Hakuingia mtu.

"Mama ametuambia," Wakili akasema.

"Amewaambia nini?"

"Kwamba huna pesa ya sinema."

Majibu matatu yalinijia hapo hapo, yote mazuri. Moja lilihusu jumba lile, moja lilihusu bei, na moja lilihusu watoto wanaosema na wakubwa wao mlangoni. Niliyameza yote.

"Ni kweli," nikasema. "Sina."

"Nilikutafuta viti vyote vya nyuma."

"Najua."

"Ungesema tu, bibi."

"Najua, mjukuu wangu. Nisamehe."

Alinitazama usoni, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hati. Mimi sikujua nifanye nini na mkono wangu ulioshika mlango, naye akabaki amesimama, na manyunyu yakaendelea. Kijiko ndiye aliyechoka kwanza.

"Hata mimi sina pesa," akasema, akapita chini ya mkono wangu, akaingia ndani.